Aliyeingia Bila Kusikia Karibu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye masikio, na asifiwe na wale wasiosikia hata ngoma ikipigwa mlangoni! Mimi ni Raheli, mke wa Nikodemu mpishi, wa hapa hapa Changamwe. Mchungaji amenipa nafasi niseme aliyonitendea Bwana, na ameniomba nisiwe mrefu. Nitajaribu. Lakini mtu aliyewahi kupotewa na sauti akirudishiwa, kumnyamazisha ni kazi, kwa hiyo walioacha vyungu motoni wanisamehe mapema.

Ndugu zangu, mnaniona nimesimama na mwili mzima, na mtoto huyu anavuta gauni langu. Mwaka ule wa mvua kubwa, wakati vita vingali vikali, nililala chini katika nyumba yangu mwenyewe, karibu kabisa na njia ipitayo watu, nikiisha polepole na mtoto huyu tumboni. Watu walikuja. Watu walibisha hodi. Wakaenda zao, tena kwa adabu kabisa! Nataka mjue nani aliyeingia, na kwa nini aliingia yeye.

Nianze mbali kidogo. Kabla ya mambo hayo nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, mimi na Nikodemu. Mtoto hatukuwa naye, na maneno wanayosemewa wanawake wa namna hiyo mnayajua, sitayarudia kanisani. Hata hivyo mpweke sikuwa. Kila alasiri wanawake wa mtaa walikuja uani pangu kwa sababu pana upepo. Tulisuka makuti, tulichambua mchicha, na tulisema. Lo, tulisema! Nani anaoa, nani amegombana na mawifi zake, nani amenunua khanga na mumewe hajui. Kabibi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, yule pale mbele anayejifanya anatafuta kitu kapuni, alikuwa bingwa wetu. Ukitaka habari ya mtaa ambayo haijatokea bado, ulimwuliza Kabibi.

Alikuja pia Bi Rukia. Wengi mnamjua, yule mama wa Kiislamu mwenye asili ya Jomvu, nyumba yake iko nyuma ya kisima. Homa kali ilimziba masikio zamani, watoto wake wakiwa wadogo, na tangu hapo hasikii kitu. Kusema anasema vizuri sana, kile Kiswahili chao cha wenyewe, tena kwa sauti ya kuitia watu ng'ambo, maana hajisikii. Kumwelewa si taabu. Taabu ni kumwelewesha. Utatumia mikono, utatumia macho, mwisho mtacheka wote wawili na jambo litakuwa limeshaeleweka.

Lakini watu walikuwa na lawama moja juu yake, nayo ni habari ya hodi. Sisi sote tumefunzwa. Mama yangu alinifunza ningali namshika nguo: simama mbali kidogo na mlango, bisha hodi, ngoja. Bisha ya pili, ngoja. Bisha ya tatu, na usipoitikiwa geuka urudi ulikotoka, hata kama mlango uko wazi na unaona sufuria inachemka. Anayeingia bila kuambiwa karibu ni mwizi au ni mbuzi. Sasa Bi Rukia hodi alibisha, mara tatu kama sisi, tena hodi ya kurusha njiwa juu ya paa. Ila karibu yako hataisikia. Basi akimaliza hodi ya tatu alikuwa akisukuma mlango na kuingia kuangalia mwenyewe kama yupo mtu. Wako watu humu kanisani amewakuta hawajamaliza kuvaa. Walimsema kwamba ni mtu mzima asiyejua adabu ya mlango. Kabibi alijaribu kumfundisha kwa mikono: hodi, ngoja, karibu, ndiyo uingie! Bi Rukia alimtazama mpaka akamaliza, akamwambia, "Mikono yako mizuri, ungecheza ngoma." Kabibi akaacha.

Ndipo likaja lile sanduku.

Nikodemu alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekaa upande wa Kipevu. Mzungu yule alipoletewa redio mpya, ya zamani akampa mpishi wake. Wazee waliiita simu ya upepo. Nikodemu alikuja nayo kichwani njia nzima, na nyuma yake mwenzake amekumbatia betri kama mtoto mchanga. Akafunga waya kutoka dirishani hadi juu ya mnazi, akazungusha kifundo, na jioni ile sanduku likasema. Kwa Kiswahili, ndugu zangu! Mtu yuko Nairobi, na sauti yake iko Changamwe mezani pangu, kando ya bakuli la mchuzi! Nilishika kilemba changu nikakimbilia nje. Nikodemu alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia kwa hasira, "Huyu mgeni wako ameingia bila hodi." Ilikuwa hasira tu, sikujua kwamba nimesema neno.

Basi watu wakaja. Kwanza majirani, kisha jamaa za majirani, kisha watu nisiowajua kabisa. Ua ulijaa mpaka wengine wakakalia kinu changu. Walikuja kwa habari za vita na kwa salamu za askari. Na sitaki mseme Raheli amesimama kulaani redio! Sikuilaani. Mama mmoja wa kijiji cha jirani alitembea kutoka kwao jioni baada ya jioni, akakaa pale penye kona na khanga mdomoni, mpaka siku moja lile sanduku likataja jina la mwanawe, kwamba ni mzima na anasalimu nyumbani. Mama yule alilala chini akabusu udongo wa ua wangu. Sote tulilia. Chombo kilichofanya vile hakikuumbwa na shetani.

Lakini sikieni kilichopotea. Palikuwa na mzee mmoja wa reli, Mungu amrehemu, kazi yake ilikuwa kusema "Shii!" Ukikohoa, shii. Mtoto akilia, shii. Kuku akitaga, shii! Tulikaa wote tumeelekea sanduku, mabega yakigusana, na hapana aliyemwambia mwenzake neno. Habari zikiisha watu walisimama, wakakung'uta nguo, wakasema, "Haya, kesho," wakaenda. Makuti hayakusukwa tena. Ua wangu ulijaa kuliko zamani, na mimi nikawa sijui tena Kabibi amepika nini. Nilijua meli iliyozama katika bahari nisiyoweza kulitamka jina lake. Jirani yangu alikuwa na macho mekundu asubuhi, na sikujua kwa nini.

Mmoja tu hakulitazama sanduku. Bi Rukia alikuja kila jioni kama zamani, akakaa penye upepo, akageuka akatutazama sisi. Vijana walimtania, wakimwuliza kwa mikono, "Bi Rukia, vita vimefika wapi leo?" Siku moja akawajibu kwa sauti yake yote, katikati ya habari, "Vita? Vita viko hapa! Mzee huyu na mkewe hawajasemezana tangu jana, nanyi mwatazama sanduku!" Aliyetajwa alikuwa yule mzee wa shii. Alisahau hata kusema shii. Ua mzima ulicheka, na mkewe, nilimwona kwa macho yangu, akamsogelea mumewe kidogo pale mkekani.

Ndugu zangu, baadaye kidogo yule Mzungu akahamishiwa kazi Voi, na mpishi lazima afuate. Mahali pale walipokaa hapakuwa na nafasi ya mke. Nikodemu alifunga virago, akaweka mkono juu ya lile sanduku, akasema, "Nakuachia hili. Hutakuwa peke yako." Alisema kwa mapenzi, wala simlaumu. Hata ndugu zangu wa Rabai nilipowaomba mmoja aje akae nami, walinijibu, "Wewe una redio na nyumba imejaa watu. Upweke gani tena?"

Hazikupita siku nyingi baada ya yeye kuondoka, nikajijua. Mimi Raheli, niliyekwisha kuacha kuota mambo hayo, nilikuwa na mimba! Sikuuamini hata mwili wangu. Nilingoja, nikahakikisha, nikangoja tena. Kumwandikia Nikodemu sikuweza, kwa kuwa sijui kuandika, na jambo kama lile sikutaka lipite mkononi mwa mwandishi wa watu. Nikasema nitamwambia kwanza Kabibi, rafiki yangu, yeye atajua la kufanya. Jioni nikamsogelea pale mkekani, moyo unanienda mbio, nikasema, "Kabibi, nina neno." Akainua kiganja bila kunitazama. "Ngoja habari ziishe." Nikangoja. Habari zikaisha, mumewe akamwita, akaondoka. Kesho yake nikajaribu tena, yakawa yale yale. Nikafunga mdomo. Niliona aibu, kana kwamba nimemwomba mtu kitu akaninyima. Nilikaa kati ya watu wote wale na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na sikuwa na wa kumwambia!

Nilipoinua macho, Bi Rukia alikuwa akinitazama. Akanitazama usoni, akanitazama nilivyokaa. Akaweka mkono tumboni mwake taratibu na kuinua nyusi. Nikaitikia kwa kichwa. Yule mama hakupiga kelele, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alifunika uso kwa buibui lake, mabega yakamtikisika, na alipofunua alikuwa akicheka na machozi. Sanduku lilikuwa likisema habari za vita vya Mjerumani. Hakuna mwingine aliyejua.

Kisha Bi Rukia akaitwa Jomvu. Binti yake alikuwa amejifungua, na mama lazima akamwuguze mpaka arobaini itimie. Na ni katika siku zile redio yangu ilipokufa. Ilipiga ukelele mmoja, mojawapo ya taa zake za ndani ikaungua, ikanyamaza. Taa ya namna ile haikupatikana kwa sababu ya vita. Jioni ya kwanza watu walikuja, wakalitazama sanduku kwa huzuni, wakakaa kidogo. Jioni ya pili walikuja wachache. Kisha mwenye duka la karibu na njia kuu akanunua redio kubwa, na watu wote wakahamia huko. Wote! Ua wangu ukawa mweupe. Nilifagia, nikatandika mikeka kama kawaida, nikakaa nikangoja. Nilikunja mikeka mwenyewe.

Na wakati ule, nikikutana na mtu kisimani, salamu niliyopewa ilikuwa, "Redio imepona?" Siyo umeamkaje, Raheli. Siyo Nikodemu hajambo. Redio imepona? Nikisema bado, walisikitika kweli kweli, wakaenda. Niliumia, ndugu zangu. Niliona kwamba miezi yote ile hawakuja kwangu, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa sanduku. Uchungu huo ukanikalia kifuani, nami kwa kiburi nikasema sitamfuata mtu.

Masika ikaanza, ile masika ya kuvunja migomba. Njia zikajaa matope, kila mtu akajifungia kwake. Mimi homa ikanishika. Nilidhani ni ya siku mbili, nikanywa maji moto, nikajifunika. Kifua kikaziba. Nilikohoa mpaka sauti ikaniacha kabisa, nikifungua mdomo hewa tu inatoka. Asubuhi moja niliinuka niufikie mtungi wa maji, miguu ikakataa, nikaanguka sakafuni kati ya kitanda na meza ya redio. Nikajaribu kuinuka. Sikuweza. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa, nami niliuona mwanga wake pembeni. Nikaweka mikono miwili tumboni nikamwambia mwanangu bila sauti, tulia, atakuja mtu.

Na kweli akaja mtu! Nilisikia miguu kwenye matope na sauti ninayoijua. "Hodi!" Alikuwa Kabibi. Moyo wangu uliruka. Nikafungua mdomo niseme karibu, haikutoka. "Hodi, Raheli!" Nikanyoosha mkono nigonge mguu wa meza. Mkono ulifika, nguvu haikufika. Mvua ilikuwa ikipiga juu ya makuti, na kugonga kwangu hata mimi sikukusikia. "Hodi jamani!" Kisha nikamsikia akisema peke yake, "Hayuko. Amekwenda dukani kwenye redio." Miguu ikaondoka. Ndugu zangu, nililia bila sauti. Alifanya kama mama zetu walivyotufunza, wala hakukosea hata neno moja.

Mchana akaja mzee mmoja wa kanisa hili kuuliza kwa nini sikuonekana Jumapili. Hodi, hodi, hodi, polepole na kwa heshima. Akakohoa. Akaondoka. Wakati ule homa ilikuwa imepanda, nikaanza kuona meza inaelea. Nikajua sasa ndiyo mwisho. Na mwanangu ambaye baba yake hajui kama yupo, ambaye hana hata mtu mmoja hapa mtaani aliyewahi kulisikia jina lake kwa sababu jina bado hana, atazikwa ndani yangu na hakuna atakayemlilia.

Hapo ndipo nilipoomba. Nimezoea kuomba kwa maneno mengi, mnanijua. Siku ile sikuwa na neno hata moja. Nikabisha hodi tu. Kwa moyo! Nikasema, Bwana, hodi. Nikangoja. Bwana, hodi. Nikangoja. Nikaiogopa ya tatu, kwa sababu baada ya tatu ni kurudi, na mimi sikuwa na pa kurudi. Nikaisema hata hivyo. Hodi, Baba.

"HODI!"

Ndugu zangu, kuku waliruka! Makuti yalitikisika! "HODI! HODI WENYEWE!" Na kabla sijafungua mdomo kujaribu kitu, mlango ukasukumwa, mwanga ukaingia, na Bi Rukia akasimama pale amelowa maji yanamchuruzika, anachungulia gizani kuangalia kama yupo mtu.

Haleluya! Karibu yangu haikutoka, yeye alikuwa haihitaji! Kimya changu kilichowarudisha watu wote, kwake hakikuwa kitu, kwa sababu kwake kila nyumba iko kimya. Ile tabia tuliyomchekea, tukataka kumwachisha kwa ishara za mikono, hiyo hiyo ndiyo Bwana alikuwa amemwekea miaka yote, kwa siku ile moja!

"Ya Rabbi! Mwanangu!" Akapiga magoti, akaniinua kichwa, akapitisha mkono tumboni mwangu kabla ya kushika paji la uso. Akakaa hivyo, kiganja kimetulia, macho amefumba, akisikiliza kwa mkono. Kisha akasema, "Yumo. Yuacheza. Alhamdulillahi, yuacheza!" Na mimi niliyekuwa sijalia kwa sauti, koo likafunguka kidogo, nikalia.

Alikuwa amerudi kutoka Jomvu siku ile ile. Kwenye pindo la khanga yake alifunga ukwaju, kwa sababu alinikumbuka na hali yangu, akasema mwenye mimba hupenda kitu kichachu. Hakujua kama redio imekufa! Alikuja wakati ule ule aliozoea kuja, akakuta ua hauna watu, akabisha hodi. Aliponipandisha kitandani aliukoroga ule ukwaju kwa maji, akaninywesha kidogo kidogo, akisema bismillahi kila tone. Kisha akatoka uani akaita, "KABIBI! WEE KABIBI! RAHELI YUWAFA NA MIMBA YAKE!" Hivyo ndivyo Changamwe yote ilivyopata habari yangu. Hata redio haikuwahi kutangaza hivyo.

Kabibi alikuja mbio bila viatu, matope mpaka magotini. Alipoelewa kwamba nilikuwa ndani alipobisha hodi, alijitupa kando ya kitanda akalia kama mtoto. "Nilidhani uko dukani, ndugu yangu. Nilidhani uko na watu." Nikamshika mkono. Wanawake wakaja, wakawasha moto, wakakinyanyua kitanda na mimi juu yake, wakanipeleka kwa dakta chini ya mvua, wakipokezana. Wale wale wa redio! Walikuwa hawanichukii, ndugu zangu. Walikuwa tu hawajaniona siku nyingi.

Na Bi Rukia alipoona niko katika mikono ya watu, aliteremka Kipevu kwenye ofisi moja yenye simu ya kufika Voi. Karani wa pale alinisimulia mwenyewe, akicheka na kujifuta macho. Mama huyu aliingia analowesha sakafu, akasema mwite Nikodemu mpishi, mkewe mgonjwa na ana mimba. Karani akamweleza kwamba simu ile si ya mambo ya nyumbani. Bi Rukia akasema, "Vyema, nangoja," akavuta kiti akakaa. Karani akaeleza tena kwa ukali. Bi Rukia akamwambia, "Ahsante, Mungu akuzidishie." Utamkatalia vipi mtu asiyeisikia hapana? Karani akapiga simu! Nikodemu alipata habari mbili kwa pumzi moja, kwamba mkewe mgonjwa na kwamba yeye ni baba, na kesho yake alishuka kwenye treni ya mizigo, mweusi kwa vumbi la makaa, akaja akaweka uso wake tumboni mwangu. Kwa hiyo waya pia ulitumika, wala sitauficha wema wake. Ila aliyeupeleka ujumbe kwenye waya alitembea kwa miguu.

Mtoto alizaliwa mzima. Ndiye huyu. Mwaka wa pili taa ya redio ikapatikana, na Nikodemu, aliyeacha kazi ya Voi akapata ya hapa bandarini, akaitengeneza. Watu wakarudi. Lakini Kabibi alisimama mbele yao kwenye ua wangu akasema, habari zikiisha hakuna kuondoka, kwanza kila mtu atazame aliye kando yake. Mpaka leo ndiyo desturi. Tunasikiliza, tunaizima, tunageuza mikeka, tunasuka makuti mpaka giza liingie. Nimejua tena Kabibi amepika nini, na kwa kweli chumvi imezidi.

Najua wako humu wanaojiuliza, itakuwaje Bwana amtumie mama wa msikitini kumwokoa mtu wa kanisani. Mwulizeni Bwana. Mimi nilibisha hodi kwake mara tatu, na nimewaambia aliyeingia. Namshukuru Mungu aliye hai! Namshukuru kwa sauti hii! Na wewe uliyekaa hapa umevaa vizuri, lakini ndani umelala sakafuni, umejaribu kuitika na sauti imegoma, usidhani Mungu wako naye ataondoka akisema hayuko. Haondoki! Kimya chako hakimfukuzi. Mwamini tu, mwachie mlango bila komeo.

Nimalize, mchungaji ameanza kutazama dari. Ndugu zangu, Bi Rukia aliteleza kisimani mwezi huu. Mguu umevimba, hatoki, yuko ndani peke yake. Nimeuliza watu, mmekwenda kumwona? Wameniambia, tulikwenda, tukabisha hodi, hakuitikia, tukarudi. Jamani! Mmembishia hodi kiziwi mkangoja karibu!

Leo hatuendi nyumbani moja kwa moja. Tunapita nyuma ya kisima. Hodi tutabisha, maana tuna adabu. Karibu hatutaingoja. Kabibi, acha kujificha, simama na kapu lako. Najua ndani mna ukwaju. Twende.